Taa Ije, Lakini Iangalie Chini

Nimefuta ile video. Wale mnaniuliza inboksi imeenda wapi, jibu ndilo hili. Ni refu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu tafuta kiti kwanza.

Kwa wale hawakuiona: ilikuwa ya dakika moja na nusu. Mimi nimesimama nyuma ya boma la nyanya yangu, mbele ya Tseikuru huko Kitui, saa tatu usiku, nikiongea kama mtu aliyeokoka jana. Kuna mlingoti wa taa ambao watu wa soko letu wameahidiwa, ile taa ndefu tunaita mulika mwizi. Mimi nikasema usije. Nikasema soko letu halihitaji taa, giza letu ni mali, watu wa mijini wametuharibia kila kitu na sasa wanataka kutuharibia hata usiku. Wasee mkapenda. Mkashare. Kuna mtu aliandika "umenilizia, dada."

Kisha binamu yangu akanipigia simu. Yeye ana duka hapo hapo sokoni. Hakulia.

Nitafika kwake. Kwanza nieleze nilifikaje huko, kwa sababu bado naamini sehemu kubwa ya nilichosema. Nilikosea jambo moja tu, lakini hilo jambo moja ndilo lilikuwa muhimu.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sitaki kurudia hiyo hadithi, karo iliisha na nikaisha nayo. Tangu hapo naishi Kayole, chumba kimoja, natengeneza kontenti. Dirisha langu linaangaliana na mulika mwizi. Sijawahi kununua pazia zito, kwa hivyo usiku kwangu ni kama saa kumi na mbili jioni isiyoisha. Naweza kusoma maandishi ya pakiti ya unga bila kuwasha taa. Nimezoea. Nilidhani usiku uko hivyo kila mahali, tofauti ni nani ana stima na nani hana.

Septemba nikaamua kwenda kumwona Susu. Kwa Kikamba nyanya ni susu, na huyu wangu ndiye alinilea mpaka darasa la tatu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200: Thika, Matuu, Mwingi, kisha Kyuso, kisha Tseikuru, kisha boda mpaka kiuno kiseme basi. Nilibeba kamera, betri tatu na ile taa yangu ya duara ya kurekodia. Mpango ulikuwa kutengeneza video za chakula cha kiasili. Ndengu, kunde, mtama, hiyo mambo.

Usiku wa kwanza nikaweka taa ya duara nje nirekodi Susu akisimulia. Nikaiwasha. Wadudu wa Kitui yote wakaja mkutano. Susu akafunika macho na lesso, akaniambia, "Mjukuu wangu, zima hicho kitu, kimenipofusha. Mimi naona vizuri."

Nikazima. Na mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Sikuona mkono wangu. Nikataka kuwasha simu, Susu akakataa. "Kaa tu. Macho yana haraka gani?"

Kumbe kuna sayansi hapo. Mboni ya jicho hupanuka kwa sekunde chache, lakini ndani ya jicho kuna kemikali inayohitaji dakika 20 mpaka 30 kujijenga upya ndio uone gizani kwa uwezo wako wote. Ukiangalia skrini ya simu kwa sekunde kadhaa tu, unaanza kusubiri karibu upya. Ndiyo maana wanaotazama nyota hutumia tochi ya mwanga mwekundu hafifu, kwa sababu huo hauharibu sana. Sisi watu wa mjini hatujawahi kumaliza hizo dakika 20. Yaani una macho tangu uzaliwe na kuna sehemu yake hujawahi kutumia.

Basi tukakaa. Susu akiongea kuhusu mbuzi aliyepotea, mimi nikinung'unika kimoyomoyo kuhusu bando. Kisha, sijui ni saa ngapi, nikainua kichwa.

Sitawaeleza ati ilikuwa maridadi, hilo neno nimelitumia hata kwa chapati. Nitawaambia nilichoona. Kutoka kusini mpaka kaskazini, ukipita juu ya kichwa changu, kulikuwa na mkanda mweupe kama moshi wa kuni uliokataa kuondoka. Nilidhani ni wingu. Nikamwambia Susu kesho pengine kutanyesha. Akacheka mpaka akakohoa. Lilikuwa Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, tukiiangalia kutoka ndani. Upande wa kusini, karibu na nyota za Nge, mkanda ulikuwa mpana na mnene. Huko ndiko kitovu cha galaksi kiliko, umbali wa takriban miaka nuru 26,000. Mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima, na mwanga hauchezi. Katikati ya mkanda kulikuwa na mapengo meusi, nikadhani hapo hakuna nyota. Zipo. Ni vumbi la angani limezisitiri.

Ilipofika saa nne na nusu, Susu akanionyesha upande wa mashariki kifungu kidogo cha nyota kikitoka chini kabisa, zimesongamana kama watoto kwa mlango wa duka. Waswahili wanakiita Kilimia, na jina lenyewe linakueleza kazi yake, ni la kulima. Susu akasema ukianza kuziona hizo mapema, kabla ya watu kulala, shamba liwe tayari, kwa sababu mvua ya mwisho wa mwaka iko njiani. Kila usiku zinatoka dakika nne hivi mapema kuliko jana. Kufika Novemba zinatoka jua likizama. Susu hajui dakika nne. Anajua tu ziko wapi akifunga mbuzi.

Sasa nikukumbushe kitu. Kidato cha kwanza, Jiografia, mada ya dunia na mfumo wa jua ilikuwa pale mwanzoni kabisa. Mimi nilichora sayari zote kwa mpangilio na kalamu za rangi nikapata alama zote. Mwalimu akanionyesha darasa zima. Na katika hiyo miaka minne ya shule ya bweni hakuna usiku hata mmoja tulitolewa nje tukaambiwa, haya, inueni vichwa. Nilikuwa na alama zote za kitu ambacho sijawahi kukiona. Si mwalimu ninamlaumu. Hiyo shule ilikuwa na taa kila kona, hata ungeinua kichwa ungeona nini?

Nikiwa Kayole, niliporudi, nilipanda juu ya nyumba usiku usio na mawingu nikahesabu nyota. Nilipata 23. Mahali penye giza la kweli, macho matupu yanaona elfu kadhaa kwa wakati mmoja.

Na sisi tuko mahali pazuri kuliko wengi. Boma la Susu liko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mtu wa Sweden anaweza kuishi na kufa kwao bila kuuona Msalaba wa Kusini. Mtu wa kusini mwa Australia hawezi kuiona Nyota ya Kaskazini. Sisi kwa mwaka mmoja tunapita karibu anga lote, la juu na la chini. Usiku wa Aprili, mawingu yakikubali, unaweza kusimama na kuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, bila kuhama. Hiyo bahati hatukuifanyia kazi. Tulizaliwa nayo.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti kwamba mambo ya nyota ni ya wazungu wenye muda. Ngoja. Waborana, huko Marsabit na kusini mwa Ethiopia, wana kalenda inayoendeshwa kwa mwezi na nyota. Wanapima mwezi uko karibu na kundi gani la nyota, Kilimia likiwa mojawapo, na mikanda ya Jabari pia. Kuna wazee wataalamu wa hiyo kazi, wanaitwa ayyaantu, na wanahesabu kwa kichwa bila kuandika. Na tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kutafuta vyanzo vya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya Wamarekani na waliorusha ni Waitaliano, lakini kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu, ikaitwa Uhuru. Ukitaka kusema anga si letu, anza kwa kumweleza nani alibandika hilo jina.

Basi hapo ndipo nilikuwa nikiwa na moto wangu wote. Asubuhi ya siku ya tatu nikaenda sokoni kununua majani ya chai, nikasikia watu wakiongea kuhusu mlingoti. Usiku huo nikarekodi video.

Sasa binamu.

Alinipigia nikiwa nimesharudi Nairobi, siku ya pili baada ya video kuanza kutembea. Hakunisalimia vile huwa. Akaniambia, "Dadangu, umewaambia watu sisi hatutaki taa. Umeuliza nani?"

Nikaanza kueleza mambo ya galaksi. Akaniacha nimalize, kwa sababu ana heshima. Kisha akanieleza mambo matatu, nami nayaweka hapa vile aliyasema.

La kwanza, mwaka jana alivunjiwa duka. Waliingia saa nane usiku, wakabeba simu ya kazi, mchele na pesa za chama alizokuwa amewekewa. Jirani alisikia bati likilia lakini hangeweza kutoka, kwa sababu hangejua ni wangapi.

La pili, mke wake anarudi kutoka kisimani jua likiwa limezama, kwa sababu foleni ya maji haiangalii saa. Njiani kuna nyoka. Kuna mtoto wa jirani aliumwa mguu mwaka jana, akapona, lakini anachechemea.

La tatu nitalieleza kwa maneno yake. "Wewe hilo giza unalipenda kwa sababu siku ya nne ulipanda gari. Sisi tunabaki nalo."

Nilikaa kitandani nikiangalia mulika mwizi kupitia dirisha. Na nikakumbuka nilichokuwa nimekisahau makusudi. Mimi ni msichana naishi Kayole. Najua giza la mtaa likoje. Kabla ya hiyo taa kuwekwa, mama mboga wa chini alikuwa anafunga saa moja. Sasa anauza mpaka saa nne, na mimi nikishuka kwa matatu saa tatu natembea bila kushika funguo katikati ya vidole. Hiyo taa imenifaa. Halafu nikaenda kwa watu wengine nikawaambia wao hawaihitaji, kwa sababu kwangu usiku wao ulikuwa mandhari.

Hilo ndilo kosa. Nilifanya kana kwamba lazima tuchague, nyota au usalama. Na kwa sababu niliweka hivyo, mtu yeyote mwenye akili na mke anayetembea gizani angechagua usalama, na angekuwa sahihi.

Lakini hatulazimiki kuchagua. Hapa ndipo maoni yangu yanaanza kweli, kwa hivyo kaa na mimi.

Jiulize taa ya sokoni inafanya kazi gani. Inamulika ardhi, mlango wa duka, uso wa mtu anayekuja. Sasa angalia mulika mwizi ya kawaida usiku. Iko juu sana, balbu zake zimeinamishwa kuelekea mbali, na mwanga mwingi unaenda pembeni na juu. Huo unaoenda juu unamulika nani? Hakuna mwizi anayepitia mawinguni. Ni stima iliyolipiwa, inawekwa angani, na inakuibia nyota kama asante.

Na ule unaoenda pembeni unakuingia machoni. Ukiangaliana na taa kali, mboni ya jicho inajifunga, na kivuli kilicho nyuma ya hiyo taa kinakuwa cheusi zaidi kuliko kabla. Wezi wa Kayole wanajua hilo. Wanasimama nyuma ya taa, hawasimami chini yake.

Taa iliyofunikwa juu, ambayo mwanga wake wote unaelekea chini, inaweza kutumia balbu ndogo na bado ardhi ikawa na mwanga ule ule. Rangi ya mwanga pia ina maana. Ule mweupe unaokaribia buluu hutawanyika zaidi hewani, ndio unafanya anga lote liwe kama maziwa. Ule wa manjano, kama wa moto wa kuni, hutawanyika kidogo, na hauvuti wadudu wengi hivyo. Halafu kuna suala la saa. Saa nane usiku soko halina mtu. Taa inaweza kupunguzwa, au ikawa ya kujiwasha mtu akipita. Ukifikiria, hiyo ya kujiwasha inamshtua mwizi kuliko ile inayowaka usiku kucha mpaka watu hawaioni tena.

Haya yote ni rahisi kama yakifikiriwa siku taa inanunuliwa. Yakifikiriwa miaka kumi baadaye, ni kubomoa na kulipa mara ya pili.

Kwa nini nasisitiza sasa? Kwa sababu kuna watu walichelewa. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa atlasi ya dunia ya mwanga wa usiku. Zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Ulaya ni asilimia 60 ya watu. Amerika Kaskazini karibu asilimia 80. Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine uliokusanya hesabu za watu wa kawaida wakiangalia nyota kwa macho yao kati ya 2011 na 2022, wengi wao wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Mwangaza wa anga ulikuwa unaongezeka karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa mwendo huo, mtoto anayezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataona 100 hivi. Hakuna siku moja ambayo mtu alizima nyota. Zilipungua polepole, na kila kizazi kikadhani anga lilikuwa hivyo tangu zamani. Kama mimi na dirisha langu.

Sasa hao hao wanalipa kutafuta giza. Namibia walielewa mapema. Hifadhi yao moja, NamibRand, ilitambuliwa mwaka 2012 kama hifadhi ya anga jeusi, na watu wanapanda ndege kwenda kulala jangwani waone kile Susu anakiona akifunga mbuzi. Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 2007 kulinda maeneo ya kutazama anga, na huko Karoo sasa wana darubini kubwa za kuchunguza ulimwengu. Sisemi Susu akae gizani ili mgeni apige picha. Hapana, hiyo ndiyo ilikuwa video yangu ya kwanza. Nasema kama giza lina thamani, basi anayekaa nalo ndiye apate wa kwanza kuamua, na apewe taa inayomfaa bila kumnyang'anya hicho kingine.

Na si sisi peke yetu tunaotumia huu usiku. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kuna mbawakawa wanaosukuma mavi, wale wadogo wa kuzungusha tonge, ambao hutumia mwanga wa Njia Nyeupe kushika njia iliyonyooka. Waliwavalisha vikofia vidogo wasione juu, wakaanza kuzunguka zunguka kama mlevi wa Jumamosi. Vimulimuli nao hutafutana kwa mwanga wao mdogo. Ukiwawekea taa kubwa, hawaonani. Mdudu wa mavi anahitaji galaksi kutembea moja kwa moja, halafu mimi nilifikisha miaka ishirini na kitu bila kuiona. Nani kati yetu ameenda shule?

Basi nikampigia binamu tena. Nikamwomba msamaha kwanza, si kwa ujumbe, kwa sauti. Nikamwambia nitafuta video. Akasema sawa. Kisha nikamweleza hii maneno ya taa kuangalia chini. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani inaona haya?"

Tukacheka wote, na hapo ndipo tulirudi kuwa ndugu.

Lakini ni mtu wa mikono, lazima ajaribu. Duka lake lina balbu ya sola nje, ilikuwa inaning'inia tu wazi juu ya mlango. Akachukua kipande cha bati kilichobaki kwa paa, akakikunja kama kofia pana, akakifunga juu ya balbu akiacha nafasi ya hewa. Balbu ile ile, betri ile ile. Akanitumia picha mbili, kabla na baada. Kwa ile ya kwanza unaona balbu na hauoni kitu kingine. Kwa ya pili hauoni balbu, unaona meza ya duka, mizani, kufuli na miguu ya mteja. Aliandika hivi: "Sasa naona nani anakuja kabla yeye hajaniona." Kwake hiyo ndiyo habari. Mambo ya nyota aliongeza mwisho, kama mtu anayerudisha chenji: "Na zile zako ziko."

Kulikuwa na baraza wiki iliyofuata na suala la mlingoti likatajwa. Binamu akasimama akauliza kama taa zinaweza kufunikwa juu na kuelekezwa chini, na kama zinaweza kuwa za manjano. Wazee wengine walicheka, mmoja akasema tusianze kuchagua rangi ya zawadi tusije tukakosa zote. Nakubali hiyo hofu ni ya kweli. Watu waliongoja miaka mingi huogopa kuuliza swali, wasionekane hawana shukrani. Lakini mama mmoja muuza mboga akaunga mkono, akasema yeye ameenda Mwingi akaona taa kama hizo zinampiga machoni mpaka hakuona pesa aliyopewa. Swali likaandikwa. Jibu bado. Mlingoti pia bado. Sina mwisho mzuri wa kuwapa.

Nina ombi, lakini. Wengi wenu mna ushago. Wengi wenu ndio mnatuma pesa ya taa, ndio mnaulizwa tununue gani, ndio mnaingia kwa mikutano ya kina nani wanachangia nini. Mkiulizwa, msiseme hapana kama mimi. Semeni ndiyo, na muongeze maneno matatu: ifunikwe, iangalie chini, iwe ya manjano. Ikiwa ni taa ya mlangoni tu, bati na waya vinatosha. Fundi akikuuliza kwani inaona haya, mwambie ndiyo, imelelewa vizuri.

Na mkienda Desemba, usiku usio na mwezi, zimeni simu kwa nusu saa. Nusu saa kamili, si dakika tano. Kaeni na mzee wenu nje mkiongea mambo ya mbuzi. Kilimia kitakuwa tayari kimepanda juu giza likiingia. Jabari hutoka baada yake upande wa mashariki, na mkanda wake, zile nyota tatu, kwetu hutoka moja baada ya nyingine. Muulizeni huyo mzee anaziitaje. Andikeni, kwa sababu Susu wangu ana majina ambayo sijayapata kwa intaneti, na ana umri ambao siwezi kusema nitauliza mwaka kesho.

Mimi narudi Desemba. Taa ya duara naiacha Kayole.